Andazi Lashinda Vumbini

Katika nchi ninayotaka kuwasimulia, uchaguzi wenyewe haukuwa na tatizo lolote. Ulifanyika kwa wakati, ukaisha kwa wakati, na matokeo yake yalikuwa tayari hata pale wapiga kura walipochelewa kufika. Tatizo lilikuwa watu. Watu wa nchi ile walikuwa na tabia mbaya ya kurudi nyumbani baada ya kupiga kura na kuanza kuulizana: wewe umempa nani, na mkeo kampa nani, na yule wa nyumba ya pili je? Mwishowe mtaa mzima unajikuta umempa mtu mmoja, ambaye redioni ameshindwa vibaya sana. Basi wananuna. Serikali ile ilikuwa na upendo mwingi na haikupenda kuona wananchi wake wamenuna. Ikaunda Taasisi ya Utafiti wa Kuboresha Uchaguzi, ikaipa jengo zuri lenye viyoyozi, na ndani yake ikamweka Dokta Skolastika Mbekenga, ambaye kila mtu alimwita Skola.

Skola alikuwa na kasoro moja. Alidhani amepewa ofisi ili afanye utafiti. Wenzake pale walikuwa watu wa busara, walichunguza mambo ya heshima, kama vile ni wino wa rangi gani unaopendeza zaidi kwenye kidole, au Mwenyekiti wa Tume akitangaza matokeo avae tai au skafu. Skola yeye alivaa raba akazunguka nchi, akaketi na watu kwenye vibaraza vyao, akawauliza kinachowanunisha. Akarudi na jibu fupi mno, mpaka Taasisi ikaona haya kulichapisha. Alisema kura zihesabiwe palepale zilipopigwa, mbele ya waliozipiga, na idadi iandikwe kwa chaki mlangoni mwa kituo kabla haijakwenda kokote. Hapo akawa amemaliza.

Mwenyekiti wa Tume, Jaji Mstaafu Anatoli Kibindu, alikuwa mzee mpole anayetokwa na machozi kwenye harusi hata za watu asiowajua. Alilisoma jibu lile akaigeuza karatasi kutafuta lililobaki.

"Mlango?" aliuliza.

"Ndiyo, Mheshimiwa. Mlango."

"Siyo tovuti? Wafadhili wanapenda tovuti."

"Mlango haukatiki umeme, Mheshimiwa."

Jaji akafikiri. Alimpenda Skola, na hilo naomba mlikumbuke, kwa sababu katika kisa hiki hakuna hata mmoja aliyemchukia. Akamwahidi kwamba Tume itafanya uchaguzi wa majaribio katika kata moja tu, Vumbini. Ukienda vizuri, uchaguzi mkuu unaokuja baada ya masika utahesabiwa mlangoni nchi nzima. Ukiharibika, habari ya mlango itazikwa na mtu asiitaje tena. Skola alitoka pale miguu haigusi chini. Tangu aanze kupiga kura hakuwahi kujua kura yake ilikwenda wapi, na hicho ndicho kitu pekee alichokuwa akikitaka katika nchi ile.

Ikaundwa kamati ya kuteua wagombea. Binadamu hawakuruhusiwa, maana binadamu anaweza kushinda akazoea. Mtu akapendekeza matunda, akakumbushwa kwamba papai ni alama ya Chama, na kwamba tunda lolote litakalosimama peke yake bila papai litaonekana lina ajenda. Wakajaribu wanyama. Ng'ombe akakataliwa kwa heshima ya Naibu Waziri, ambaye huko kwao waliwahi kumtania hivyo. Ufagio ulileta ukimya mkubwa na aliyeutaja akaomba usiandikwe kwenye kumbukumbu. Kamati ilikuwa imechoka kabisa ilipoletwa chai, na kwenye sinia kulikuwa na chapati na maandazi. Wajumbe wakatazamana. Vitu vile viwili havikuwa na kabila wala dini, na havijawahi kushika madaraka.

Ili watu wapige kura kwa moyo, kamati ikaongeza kwamba atakayeshinda ataliwa bure na wana Vumbini wote, pamoja na chai, kila siku ya gulio mpaka uchaguzi mkuu. Atakayempika atapewa tenda ya Tume.

Pale Vumbini maandazi yalikuwa ya Bi. Somoe Nangumi, mjane aliyeuza karibu na zahanati tangu zahanati haijaezekwa. Chapati zilikuwa za Mwinjuma, mwanamume mnene, mchangamfu, aliyeamini hakuna ugonjwa usiopona kwa chapati na maharage. Kampeni zikaanza siku ileile.

"Andazi ni hewa tupu!" Mwinjuma alinguruma akiwa juu ya kreti la soda. "Lipasueni muone, ndani hamna kitu! Chapati imelala hapo, unaiona yote, haina siri!"

"Chapati haiendi popote bila mchuzi," alijibu Bi. Somoe bila kunyanyuka kwenye kigoda chake. "Andazi langu halimpigii mtu magoti."

Watu wakavunjika mbavu. Walibishana kisimani na kwa kinyozi, waume wakatofautiana na wake zao, na Skola, aliyekuwa amepanga chumba palepale ili aangalie kila kitu, akaona jambo ambalo hakuwahi kuliona katika kampeni yoyote. Watu walikuwa wanabishana bila kugeuka kuangalia nani yuko nyuma yao.

Zikiwa zimebaki siku chache, simu yake ikalia. Alikuwa Bwana Gervas Mlundi, Msimamizi wa Uchaguzi, mtu mwenye uzoefu mkubwa na nishani kadhaa za utulivu.

"Habari za kazi, Dokta. Samahani nakusumbua. Naomba unidokeze kidogo tu, ili nami nijipange. Nani anashinda?"

"Sijui, Bwana Mlundi."

"Nimekuelewa. Simu hizi si salama."

"Hapana, sijui kweli. Tutajua tukishahesabu."

 Sauti ya upande wa pili ikarudi ndogo, yenye kutetemeka.

"Dokta, mimi nina watoto wanasoma. Kama nimekukosea mahali, niambie."

Skola akamweleza tena, taratibu, kama anavyoelezwa mgonjwa. Akamwambia kwamba safari hii hakuna anayetakiwa kushinda. Bwana Mlundi akashukuru sana, akakata simu, na papo hapo akaandika kwa mkuu wake wa wilaya kuomba ufafanuzi. Wilaya haikutaka kukurupuka, ikauliza mkoa. Mkoa ukajibu kwamba unayaheshimu sana maandazi na una historia ndefu na chapati, kisha ukauliza wizara. Swali likapanda hivyohivyo mpaka Ikulu, likamkuta Mheshimiwa Rais mezani asubuhi. Mheshimiwa akasema vyote viwili daktari wake amemkataza, kimoja kwa ajili ya mafuta na kingine kwa ajili ya sukari, na wamwache anywe uji wake wa ulezi kwa amani.

Jibu likashuka likiwa limeandikwa vizuri: Mheshimiwa hana upande.

Maneno hayo yalikuwa hayajawahi kuonekana kwenye karatasi ya serikali katika nchi ile. Maofisa wawili wa mkoa waliomba likizo. Na hapo ndipo Skola alipopata bahati yake, maana kwa kuwa hakuna aliyejua nani wa kusaidiwa, hakuna aliyemsaidia mtu.

Kura zikapigwa katika darasa la shule ya msingi, foleni fupi, kila mtu na karatasi yake. Mchana ukiwa bado una jua kali masanduku yakafunguliwa, na Bwana Mlundi, jasho likimtiririka, akainua karatasi mojamoja na kuzisoma kwa sauti mbele ya kata nzima iliyosongamana madirishani. Andazi likaongoza. Chapati ikafukuza, ikafika, ikapita kidogo, wakawa sawa, kisha chapati ikapita tena. Ikaisha hivyo. Mwalimu mmoja akaandika mlangoni kwa chaki, namba kubwa zinazosomeka kutoka barabarani: Chapati imeshinda kwa kura chache tu.

Watu wote wakamgeukia Bi. Somoe. Alisogea mpaka mlangoni, akazifuata namba kwa kidole, akaomba aonyeshwe na kura zilizoharibika. Akaonyeshwa. Akazitazama moja moja, akazirudisha. Kisha akamwendea Mwinjuma, akampa mkono.

"Umenishinda," alisema. "Lakini chapati zako za juzi zilikuwa mbichi katikati. Jirekebishe."

Kicheko kilichotoka pale kilisikika mpaka zahanati. Mwinjuma akamletea chapati ya moto, na Bi. Somoe akaila yote akiwa amesimama, mbele ya wateja wake, na uso wake ulikuwa mkunjufu tu. Skola akazunguka nyuma ya darasa akalia kwa furaha. Huko akamkuta Bwana Mlundi ameketi kwenye tofali, ameshika kichwa.

"Dokta," alisema yule mzee wa nishani, "kumbe ni rahisi hivi? Nasikia mwili mwepesi. Mpaka naogopa."

Kesho yake Skola alikuwa kibandani kwa Mwinjuma anakunywa chai redio ilipopiga ngoma ya taarifa maalumu. Jaji Kibindu, akiwa Makao Makuu katika Ukumbi wa Majumuisho, aliwapongeza wana Vumbini kwa utulivu wao, akalaani wachache waliotaka kuuvuruga, ambao hakuwataja kwa kuwa hawakuwapo, kisha akamtangaza Andazi kuwa mshindi kwa zaidi ya tisini kwa mia.

Mwinjuma alibaki ameshika kijiko cha kugeuzia. Chapati ikaungua, na hakuna aliyemwambia.

Skola alifika Makao Makuu na vumbi lake lote, akaingia kwa Mwenyekiti bila kubisha hodi.

"Mheshimiwa, haya yalikuwa majaribio! Nani ameagiza?"

"Hakuna," alisema Jaji, na macho yake yalikuwa mekundu. "Ndiyo msiba wenyewe, Skola. Kungekuwa na mtu ameagiza, tungemwomba abadilishe."

Akamweleza. Vijana wa majumuisho walikuwa wamepokea namba kutoka Vumbini, imekuja kama ilivyo. Wakasubiri maelekezo, hayakuja. Kazi yao ilikuwa kujumuisha, na kata ilikuwa moja, hakuna cha kujumuisha nacho. Wakaanza kuogopa kwamba ni mtihani. Mmoja wao akakumbuka kuona picha ya Mheshimiwa Rais, mwaka ule wa mafuriko, akila andazi msibani. Wakamshukuru Mungu, wakafanya kazi.

"Na wewe ukaitangaza."

"Nililetewa karatasi. Mimi husoma karatasi, mwanangu. Najua mlango ulisema nini, wewe mwenyewe uliniambia kwenye simu. Lakini macho yaliona Andazi, mdomo ukasema Andazi. Ni mazoea."

"Basi tangaza upya. Sema mlikosea."

Jaji akamtazama kwa huruma kubwa. "Sheria inasema matokeo yakishatangazwa na Mwenyekiti hayahojiwi popote."

"Hata ya majaribio?"

"Sheria haikutaja majaribio. Imemtaja Mwenyekiti."

Siku ya gulio lori la maandazi likaingia Vumbini kutoka mji mkuu, maana tenda, kwa sababu za kiufundi ambazo mimi si mtaalamu wa kuzieleza, alikuwa ameipata mtu mwingine kabisa. Watu hawakuyagusa. Hawakupiga kelele, hawakurusha jiwe. Walikwenda tu shuleni wakasimama wanautazama mlango. Asubuhi hadi jioni, wanapokezana, kana kwamba wanazuru kaburi. Mkuu wa polisi wa wilaya akaripoti kwamba raia wanaangalia kitu. Askari wakaja kuulinda mlango, na walipoona wao wenyewe wameanza kuusoma, wakaung'oa. Ukaondolewa kwa Landrover, umesimamishwa katikati ya makonstebo wawili, kwa usalama wake. Tangu siku hiyo mbuzi walihudhuria masomo.

Lakini aliyeumia hasa alikuwa mshindi. Mkuu wa Wilaya alikuja na wapiga picha akamvisha Bi. Somoe skafu ya Balozi wa Andazi, akamshika mkono, akamgeuza huku na huku mpaka picha zikatoka vizuri. Bi. Somoe alirudia kusema kwamba alishindwa, na wakamsifu kwa unyenyekevu. Walipoondoka, kijiji kilikuwa kinamtazama.

"Kumbe una mtu juu," alisema jirani yake, mwanamke waliyekwenda pamoja kuchota maji tangu usichana.

Hakuna aliyekuja kununua siku ile, wala iliyofuata. Wagonjwa wa zahanati walipita upande wa pili wa njia. Mwinjuma, ambaye alikuwa amemletea chapati ile mbele ya watu wote, alimwitikia salamu kama anavyoitikiwa ofisa.

Ripoti ya utafiti ilizinduliwa hotelini. Skola alipata nakala yake akiwa ameshaketishwa meza kuu. Jaladani palikuwa na picha yake, anatabasamu, na ndani kulikuwa na matokeo ambayo hakuwahi kuyapata. Utafiti wa Dokta Mbekenga, ilisema ripoti, umethibitisha kisayansi kwamba mivutano ya uchaguzi husababishwa na mlango. Palipo na mlango watu hukusanyika. Pasipo na mlango watu hurudi nyumbani. Kwa hiyo inapendekezwa kwamba uchaguzi mkuu ufanyike kwenye mahema yaliyo wazi pande zote. Waziri akasimama akasema Serikali sikivu imeyakubali mapendekezo yote, na kwamba nchi nyingine zimeanza kuulizia.

Skola akasimama pia. Alikuwa ameazimia kusema, na akasema: "Hii si kazi yangu."

Mshereheshaji, mtu mwema, akadhani dada wa watu amezidiwa na unyenyekevu. Akaomba makofi. Ukumbi mzima ukapiga makofi, bendi ikaingia, na Skola akafungua kinywa mara ya pili katikati ya tarumbeta. Alisimama hivyo mpaka wimbo ukaisha, na ulipoisha alikuwa ameshikishwa ngao ya Mtafiti Bora wa Taifa na mtu anamsogezea sahani ya pilau. Jaji Kibindu, karibu naye, alikuwa anafuta machozi.

Alijaribu kujiuzulu. Idara ya utumishi ikamjibu kwa adabu kwamba mtumishi aliyetunukiwa hawezi kujiuzulu bila kuonekana anaidharau tuzo, na kudharau tuzo ya Taifa ni kosa la jinai. Akarudi ofisini, akaketi.

Mahema yalikuwa yameshaanza kusimikwa kwenye viwanja vya mpira Bi. Somoe alipomjia. Alikuwa amesafiri kutwa. Amevaa kanga safi na amebeba kikapu kitupu, kwa mazoea tu.

"Shikamoo, Bi. Somoe."

"Marahaba, mwanangu. Sikukuletea maandazi, nimeacha kukaanga. Nimekuja kwa shida moja. Nataka kushindwa kwangu."

Skola akaweka kalamu chini.

"Nilishindwa vizuri," aliendelea yule mama. "Nilihesabiwa nikaona, nikampa mwenzangu mkono, nikala chapati yake. Kilikuwa changu kile. Wamenipa hiki kingine ambacho sikukiomba, na sina pa kukitua. Watu hawaniamini. Nirudishieni changu nikaishi na wenzangu."

"Mama, nimejaribu. Malalamiko yanapokelewa kutoka kwa aliyeshindwa tu."

"Si ndiye mimi?"

"Kwao wewe umeshinda. Mshindi hana haki ya kulalamika. Na Mwinjuma nimeshamwomba alalamike yeye. Amesema ana watoto."

Bi. Somoe akatikisa kichwa taratibu. Hakuonekana kumlaumu Mwinjuma. Akavuta kiti karibu na meza.

"Basi sema wewe. Wewe ulikuwapo."

"Ulishindwa, Bi. Somoe," alisema Skola. "Ulishindwa kwa haki kabisa. Niliona kwa macho yangu."

Uso wa yule mama ukafunguka kama siku ile. Akacheka kidogo, akamshika Skola mkono, akaubana. "Ahsante. Ahsante, mwanangu. Sasa inuka twende, ukawaambie hivyohivyo pale Vumbini, mbele ya watu. Basi la mchana tunaliwahi."

Skola akaangalia mkono ule juu ya wake. Aliwaza amri mpya ya Serikali iliyokataza mikusanyiko mpaka baada ya uchaguzi, aliwaza kosa la jinai, na picha yake jaladani ambayo sasa ilikuwa imebandikwa kwenye kila hema. Aliwaza atakachosema, na mtu atakayedhani ni unyenyekevu, na makofi. Alitaka kuinuka. Akabaki ameketi, na alijichukia kwa hilo.

Bi. Somoe alimsubiri kwa muda mrefu, kwa subira ya mtu aliyezoea kungojea mafuta yapate moto. Kisha macho yake yakatua kwenye ile ngao ya Mtafiti Bora, sasa imetundikwa ukutani. Akauachia mkono, akajifunga kanga yake upya, akachukua kikapu chake kitupu.

"Pole, mwanangu," alisema, bila hasira yoyote. "Sikujua kumbe na wewe walikutangaza mshindi."